Kazi za Utafiti na Milango Yake



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja, Pemba na Mtwara, yupo kijana aliyemaliza masomo yake na ambaye hadi hii leo amekaa tu. Baba aliuza karafuu au korosho za misimu kadha ili amsomeshe. Mama alitoa mkufu wake. Wadogo zake walivaa viatu vya kurithiana. Kijana amerudi na shahada ya biolojia, au ya takwimu, au ya jiografia, na jamaa wote wanamtazama yeye. Akiulizwa anataka kazi gani, hujibu: "Utafiti." Na hapo mazungumzo hukatika, kwa kuwa wazee hawajui kazi hiyo hufanywa wapi wala hutafutwa vipi, na mara nyingi, tuseme kweli, kijana mwenyewe pia hajui.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Tunataka kuonyesha kwamba utafiti si nyumba moja yenye mlango mmoja, wala si kazi ya madaktari wa falsafa peke yao. Ni kazi iliyotawanyika katika idara, viwanda, hospitali na maktaba, nayo huitwa kwa majina mengi. Aitafutaye kwa jina moja tu huipita mara kumi bila ya kuitambua.

UTAFITI NI KAZI GANI?

Utafiti ni kuuliza swali ambalo jawabu lake halijajulikana, kisha kulitafuta jawabu hilo kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata na kuihakiki. Aliyesoma elimu ya hadithi hataona ugeni katika maneno haya. Wanazuoni hawakuikubali khabari mpaka wajue nani kaipokea kwa nani, na kama kila mpokezi alikuwa mwaminifu na mwenye kuhifadhi vyema. Mtafiti wa leo huuliza maswali ya jinsi hiyo hiyo katika samaki, udongo, damu ya mgonjwa, au bei ya unga sokoni: Nani kapima? Kapima lini, na kwa chombo gani? Na je, mwingine akipima, atapata lile lile?

Ili tuone ni watu wa namna gani wanaohitajiwa katika kazi hii, na tutazame mfano mmoja wa kwetu.

Kisiwa cha Unguja kilikuwa na mbung'o wa aina moja, waliowaambukiza ng'ombe maradhi ya nagana. Mitego na dawa ziliwapunguza, lakini hazikuwamaliza. Ndipo wataalamu walipoitumia tabia moja ya mdudu huyu: jike kwa kawaida hupandana na dume mara moja tu katika umri wake. Basi akipandana na dume tasa, hatazaa kamwe. Katika taasisi ya utafiti ya Tanga, mbung'o walifugwa kwa wingi, wakalishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba uliofanywa mfano wa ngozi, na madume wakapigwa mionzi ili wawe tasa. Kisha walipakiwa katika ndege na kuachiliwa juu ya Unguja, juma baada ya juma. Baina ya mwaka 1994 na 1997 waliachiliwa nzi tasa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwishoni mwa 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika.

Sasa na tuwahesabu waliohitajiwa. Wapo mabingwa wa wadudu na wa mionzi, hilo halina shaka. Lakini yuko pia aliyeshughulikia damu ya ng'ombe isioze wala isiingie uchafu; yuko aliyelinda joto na unyevu wa vyumba vya nzi usiku na mchana; yuko aliyetega mitego msituni na kuhesabu walionaswa; yuko mganga wa mifugo aliyepima damu za ng'ombe; na yuko aliyeandika hesabu zote hizo kila siku. Na kazi ya namna hii haiendi pasipo mtu wa kuwaeleza wanavijiji, kwa lugha yao, kwa nini nzi wanamwagwa kutoka mbinguni. Lau mmoja kati ya hao angelala, jawabu lingeharibika.

Basi kijana asijiulize tu, "Je, nina shahada kubwa?" Na ajiulize: "Katika safu hii ndefu, mimi naweza kusimama mahali gani?"

MLANGO WA KWANZA: TAASISI ZA SERIKALI

Tanzania Bara ina TARI kwa kilimo, TAFIRI kwa samaki, TAFORI kwa misitu, TAWIRI kwa wanyamapori, NIMR kwa maradhi ya binadamu, na TIRDO kwa viwanda. Zanzibar nayo ina taasisi zake za kilimo, za uvuvi na za afya. Kenya ina KALRO kwa kilimo na mifugo, KEMRI kwa tiba, na KMFRI, yenye makao yake Mombasa, kwa bahari na uvuvi.

Watu wa Mtwara na Lindi wanaijua faida ya mlango huu. Katika msimu wa 1973/74 korosho za Tanzania zilifikia tani 145,000 hivi. Katikati ya miaka ya 1980 zikaanguka zikawa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, bei ndogo, na maradhi ya ubwiri unga yaliyokausha maua. Watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walishughulika na maradhi hayo, wakaonyesha namna ya kuyazuia kwa unga wa salfa, na wakazalisha miche bora ya kubebesha. Hawakuwa wao peke yao walioleta nafuu, walakini sehemu yao ni kubwa. Na kufikia msimu wa 1999/2000 mavuno yalikuwa yamevuka tena tani 100,000.

Nafasi za taasisi hizi hutangazwa hadharani. Tanzania Bara nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kenya kila taasisi hutangaza kwa jina lake. Kijana asitazame neno "mtafiti" peke yake. Na atazame pia fundi sanifu wa maabara, afisa kilimo, mtakwimu, mkutubi, mchora ramani, na msaidizi wa shamba la majaribio. Baadhi ya nafasi hizi hutaka stashahada au cheti tu, na mwenye bidii hupanda ngazi akiwa kazini.

MLANGO WA PILI: VYUO VIKUU

Mwalimu wa chuo kikuu anapopata fedha za kuchunguza jambo, huhitaji wasaidizi wa utafiti kwa miezi sita, mwaka, au zaidi. Kazi hizi mara nyingi hazitangazwi gazetini. Hupewa wale ambao mwalimu anawajua, au wale waliomwandikia barua ya maana.

Mfano ni ukulima wa mwani. Ulianza kuwa biashara Unguja mwaka 1989, pande za Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Baadaye aina iitwayo kotoni, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, ikaanza kufa kwa kuwa maji ya ufukweni yamezidi joto. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iko Unguja, wamekuwa wakijaribu pamoja na wakulima hao njia za kupanda katika maji ya kina kirefu. Kazi hiyo yataka mpima joto la maji, yataka mwenye kujua kuogelea na kuendesha chombo, na yataka mtu anayeweza kukaa na akina mama wa kijijini akawasikiliza. Kijana aliyekulia Jambiani ana nusu ya ujuzi huo kabla hajaingia chuoni.

MLANGO WA TATU: AFYA

Huu ni mlango mpana kwetu. Kilifi, KEMRI imekuwa ikifanya kazi pamoja na Wellcome ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford tangu mwaka 1989. Ifakara, kazi iliyoanza kwa maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950 imekuwa taasisi kubwa ya Watanzania, yenye kituo pia Bagamoyo. Chanjo ya malaria iitwayo R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2023, ilijaribiwa katika nchi nne za Afrika, na miongoni mwa mahali hapo ni Kilifi na Bagamoyo.

Nyuma ya chanjo moja wapo wauguzi waliochoma sindano, wafamasia waliotunza dawa katika baridi, madereva, wasimamizi wa kumbukumbu, na wale waendao nyumba kwa nyumba kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kilifi tangu mwaka 2000 wameandikishwa na kufuatiliwa namna hiyo wakaazi zaidi ya laki mbili. Aendaye nyumbani kwa watu yampasa ajue Kigiriama na adabu za wenyeji. Shahada pasipo lugha haimfungulii mlango.

MLANGO WA NNE: TAKWIMU

Serikali haiwezi kupanga skuli wala hospitali bila ya kujua idadi ya watu. Sensa ya Tanzania ya tarehe 23 Agosti 2022 ilikuta watu 61,741,120, na kati yao 1,889,773 wako Zanzibar. Makarani walitumia vishikwambi badala ya makaratasi. Baada ya sensa, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar huendelea na uchunguzi wa kipato, wa kilimo, wa afya ya mama na mtoto, na kila mara huhitaji wadadisi. Kenya ina shirika lake la takwimu lenye kazi kama hiyo.

Kazi ya udadisi ni ya muda mfupi na malipo yake si makubwa. Walakini ni chuo: hapo kijana hujifunza kuuliza bila ya kumtia mtu jawabu mdomoni, na kuandika alichoambiwa, si alichotaka kuambiwa.

MLANGO WA TANO: VIWANDA NA BIASHARA

Hapa utafiti huvaa nguo nyingine. Kiwanda cha saruji, cha sabuni au cha vinywaji kina chumba cha maabara cha kupima ubora. Benki ina watu wa kuchunguza nani atalipa mkopo na nani hatalipa. Kampuni ya simu huchunguza wateja wake wanahamia wapi. Shirika la misaada huajiri wa kufuatilia na kutathmini miradi yake. Tangazo litasema "ubora", "masoko", "takwimu" au "tathmini", na huenda neno utafiti lisitajwe kabisa. Lakini kazi ni ile ile ya kuuliza, kupima na kuhakiki.

MLANGO WA SITA: MISWADA NA NYARAKA

Mlango huu vijana wetu wengi huupita bila ya kuutazama, ilhali ufunguo wake wanao tangu utotoni. Pwani yetu imejaa miswada ya Kiarabu, na ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za mashamba, tenzi, vitabu vya fikihi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa ya miswada hiyo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina yake. Na miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha na kuhifadhiwa chini ya mpango wa British Library ya London wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini.

Msomi wa ng'ambo hutumia miaka kujifunza herufi ambazo mtoto wa chuoni kwetu huzijua akiwa na umri wa miaka saba. Kijana huyo akiongeza juu yake elimu ya historia au ya ukutubi, na akajua kuorodhesha na kuhifadhi karatasi kuukuu, atakuwa na ujuzi ambao wachache wanao.

NAMNA YA KUITAFUTA

Kwanza, ashike ujuzi mmoja ushikike. Asiseme, "Naweza kazi yoyote." Na aseme, "Najua kuchambua takwimu kwa kompyuta," au "Najua kupima maji," au "Najua kusoma hati za Kiarabu." Programu za kuchambua takwimu zipo zitolewazo bure, kama ile iitwayo R, na mwenye subira hujifunza mwenyewe.

Pili, amwandikie mtu, asiandikie jengo. Achague mtafiti mmoja, asome alichoandika, kisha amwandikie barua fupi: nimesoma kazi yako juu ya jambo hili, nina ujuzi huu, naomba nafasi ya kusaidia. Barua moja ya namna hiyo ni bora kuliko hamsini zilizonakiliwa.

Tatu, asidharau kazi ndogo. Miezi mitatu ya udadisi, iliyofanywa vizuri, humpatia msimamizi wa kumtaja kwa kheri. Na katika kazi hizi, ushahidi wa msimamizi una uzito.

Nne, aweke kumbukumbu ya alichofanya: nyumba ngapi alizifikia, sampuli ngapi alizipima, ripoti gani aliandika sehemu yake.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Yapasa ifahamike kwamba kazi nyingi za utafiti ni za mkataba, na mkataba hufuata fedha. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la USAID likafungwa katikati ya mwaka huo. Miradi ya afya ikakatika, Afrika Mashariki ikiwamo, na watu wenye ujuzi wa miaka mingi wakajikuta hawana kazi. Hivyo apataye mkataba wa mwaka mmoja asiishi kama aliyeajiriwa maisha. Aweke akiba, na kabla ya mkataba kwisha awe amekwisha jua mlango wa pili.

La pili ni matapeli. Hutangaza kazi za utafiti zenye mshahara wa ajabu, kisha hutaka ada ya fomu, ya sare, au ya mafunzo. Taasisi ya kweli haimtozi mtu fedha ili imwajiri. Na utafiti wa kweli una kibali: Tanzania Bara kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, na wa tiba hupitiwa na NIMR; Kenya hutolewa na NACOSTI. Kijana ana haki ya kuuliza, "Kibali chenu kiko wapi?" Asiyeweza kukionyesha aachwe.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni amana. Kuna mdadisi atumwaye nyumba thelathini. Akazifikia kumi, kisha akakaa chini ya mwembe akajaza madodoso ishirini kwa fikra zake. Hakuna aliyemwona, na posho kaichukua yote. Walakini madodoso yale yataingia katika hesabu, na hesabu itafika kwa anayegawa fedha. Kijiji chenye watoto wengi kitaandikwa kina wachache, na zahanati itajengwa kwingine. Mama atakayejifungulia njiani hatamjua aliyemdhulumu. Mwenye kuona uzito wa kumla yatima mali yake na auone uzito wa jambo hili pia.

NENO KWA WAZAZI

Kazi ya utafiti yataka safari na yataka kukaa vijijini. Wazazi wengi huwa na hofu, khasa kwa binti, na hofu hiyo ina haki yake. Lakini yafaa kwanza kuuliza kabla ya kukataza: atalala wapi, atafuatana na nani, msimamizi ni nani, gari lipo? Miradi iliyopangika ina majawabu ya maswali hayo. Na tukumbuke ya kwamba katika nyumba nyingi za kwetu mama hatamweleza mwanamume mambo ya uzazi wake wala ya ugonjwa wa mwanawe. Wasipokwenda mabinti zetu kumwuliza, ama atakwenda mgeni asiyejua lugha yake, ama hataulizwa na yeyote, na shida yake itabaki ndani ya kuta nne.

Na yule kijana aliyekaa nyumbani asihesabiwe kuwa ni mvivu kwa kuwa jumba kubwa halijamwita. Aketi na wazee wake jioni moja, mlango kwa mlango, waitazame milango hii sita. Wachague miwili inayolingana na ujuzi wake, naye aandike barua yake ya kwanza kabla ya juma kwisha. Ikiwa nyumba imeweza kumsomesha kwa miaka kumi na sita, haitashindwa kumsaidia kupiga hodi.